Mpita Njia na Baisikeli Yake

Tumekisoma kitabu cha Kiingereza kiitwacho Full Tilt, alichokiandika Dervla Murphy, mwanamke wa Ayalandi, kikachapishwa mwaka 1965. Siku alipotimiza miaka kumi alipewa baisikeli kuukuu na kitabu cha ramani, akanuia moyoni kwenda Bara Hindi kwa magurudumu mawili. Nia ile aliitunza miaka ishirini na zaidi, akimwuguza mama yake, hata Januari 1963 akaondoka peke yake. Gia za baisikeli aliziondoa kabla ya safari, asije akaharibikiwa katika njia mbovu. Fundi yeyote wa kwetu angemsifu kwa hilo.

Wasomaji wengi hupenda habari za mbwa mwitu aliowapiga risasi huko Yugoslavia, penye theluji. Sisi twaona uzuri wa kitabu uko kwingine. Aliandika habari zake siku kwa siku, na kwa hiyo kila nchi mpya yaonekana kama ionekanavyo kwa mtu aliyechoka: mlima kwanza, kisha kiu, kisha mwenyeji atokaye mlangoni na chai. Mwenye motakaa hupita mlango ule asiuone. Katika Afghanistan alivunjwa mbavu tatu kwa kitako cha bunduki, ugomvi ulipozuka ndani ya basi, wala hakulihukumu taifa zima kwa ajili ya mtu mmoja. Waafghani aliwapenda hata mwisho. Hapo twamheshimu sana.

Walakini liko jambo linalotukera. Zamani zile Warusi na Wamarekani walikuwa wakiwajengea Waafghani barabara, naye, aonapo mambo ya Ulaya yakiingia Asia, huhuzunika kana kwamba ameona msiba. Je, yeye mwenyewe alipanda nini ila chombo cha kiwandani? Mgeni hulala usiku mmoja, akauona utulivu wa kijiji, na asubuhi amekwenda zake. Hayupo usiku wa mzazi mwenye uchungu, mto umefurika. Sisi tuliopata kumpeleka mgonjwa juu ya baisikeli, wawili wakimshika kiunoni asianguke, hatuwezi kusoma masikitiko yale bila kukunja uso.

Tena neno hili latuhusu, maana mama huyu alipita hata kwetu. Kitabu chake The Ukimwi Road, cha mwaka 1993, chaeleza safari ya baisikeli kutoka Kenya hata Zimbabwe, na jina lake lilikopwa katika lugha yetu wenyewe. Basi, Mwafghani wa jana na sisi tu hali moja: tumeandikwa na mpita njia.

Hata hivyo twasema kisomwe. Mwalimu ajuaye Kiingereza na awafasirie wanafunzi wake sura za Afghanistan, kwa kuwa ni tamu kweli. Lakini afikapo penye huzuni ile ya mambo mapya, na akifunge kitabu kidogo, awaulize watoto ni nani kati yao aliyepata kusaidia kubeba machela.