Fadhila ya Kuchagua Njia

Huko Mbweni, kusini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, John Kirk, aliyefika Unguja mwaka 1866 akiwa tabibu na baadaye akawa balozi mdogo wa Uingereza, alipanda bustani ya miti ya kienyeji na ya kigeni, huku akipeleka vielelezo vya mimea ya Afrika Mashariki katika bustani ya Kew, London. Mmea uleule ukajulikana shambani kwa jina na matumizi yake, na huko Kew kwa jenasi na familia. Mpangilio wa namna hiyo, unaotaja vitu vya uwanja fulani na uhusiano wao kwa utaratibu ambao hata kompyuta huweza kuusoma, wataalamu huuita ontolojia. Na kutambua kwamba dhana ya mpangilio huu ndiyo ile ya mpangilio mwingine ni kuzioanisha.

Kazi hiyo ina algoriti nyingi, yaani taratibu za hatua kwa hatua. Ipo inayolinganisha herufi, nayo huufaa mbungo, ulioandikwa zamani Landolphia comorensis na sasa Saba comorensis, kwa kuwa nusu ya jina imesalia. Hiyohiyo hushindwa mbele ya mkarafuu, ulioitwa Eugenia caryophyllata na ambao tangu mwaka 1939 una jina la Syzygium aromaticum. Hapo hutakiwa orodha ya visawe. Tena algoriti hiyo ya herufi huchanganya mkungu ulio mti na mkungu wa ndizi, mpaka ije algoriti inayotazama dhana jirani, ikaona kwamba mmoja umewekwa chini ya miti na mwingine ni sehemu ya mgomba.

Ndiyo maana inastahili sifa sanaa ambayo mtaalamu wa kompyuta John Rice aliiwekea msingi mwaka 1976 alipolieleza tatizo la kuchagua algoriti: programu hupima kwanza sifa za data, kama vile wingi wa dhana, kina cha ngazi zake na utajiri wa visawe, kisha hukisia njia itakayofaa kutokana na matokeo ya kazi zilizotangulia. Uzuri wake ni kuiheshimu data kabla ya kuigusa. Na kwa kuwa mmea wa dawa ukioanishwa vibaya huweza kumdhuru mgonjwa, mchaguzi bora ni yule anayejua pia kutamka kwamba hakuna algoriti inayotosha, akauacha uamuzi kwa wanaoujua mmea wenyewe.