Baba Aliyefichwa Sandukuni: Uhakiki wa Riwaya ya Peter Carey

Riwaya ya Peter Carey, True History of the Kelly Gang, ilitoka mwaka 2000 na kupata tuzo ya Booker mwaka 2001. Wengi huisoma kama hadithi ya Ned Kelly, jambazi mashuhuri wa Australia aliyenyongwa Melbourne tarehe 11 Novemba 1880. Mhakiki huyu anaisoma kama hadithi ya mtoto anayemtafuta baba yake. Humo ndimo uzuri wa riwaya hii ulimo, na kasoro yake pia.

Baba huyo, John Kelly, maarufu kama Red, alikuwa mtu halisi. Kumbukumbu za wakoloni zina machache juu yake. Alitoka Tipperary, Ayalandi. Mwaka 1841 alihukumiwa kifungo cha miaka 7 kwa kuiba nguruwe wawili, akasafirishwa kwa meli hadi Van Diemen's Land, kisiwa kinachoitwa Tasmania leo. Alipoachiwa alivuka hadi Victoria, na mwaka 1850 akamwoa Ellen Quinn. Mwaka 1865 alitiwa hatiani kwa kukutwa na ngozi ya ng'ombe isiyo yake. Alifariki Avenel tarehe 27 Desemba 1866, mwili ukiwa umevimba kwa maji. Aliyeandikisha kifo hicho ni mwanawe Ned, kijana wa miaka 11 au 12 tu.

Carey anaujaza uchache huo kwa njia mbili. Kwanza, katika riwaya ni Ned aliyemchinja mtamba wa jirani, na baba akajitwika kosa hilo na kwenda jela. Hilo ni jambo la kubuni, lakini linafaa: kifo cha baba kinageuka kuwa deni la mtoto, na matendo yote ya Ned baadaye yanapata uzito. Pili, mtoto analikuta gauni katika sanduku la baba, baada ya askari kumdokezea kwamba mzee alikuwa akivaa mavazi ya kike. Aibu hii inamtafuna kwa miaka. Kisha Mary, mpenzi wake aliyetoka Ayalandi, anamfumbulia: magauni yalikuwa vazi la kujificha la wanaume walioasi wenye ardhi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mwandishi. Red wa riwaya hasemi lolote kuhusu alikotoka, na kimya chake kinatisha kuliko gauni. Maelezo ya Mary yanakivunja mapema mno. Msomaji anapewa jibu ambalo kijana yule wa kweli, aliyesimama mbele ya karani wa vifo, sidhani kama alilipata.

Kuhusu lugha, mtindo unafuata barua ya Jerilderie ya mwaka 1879, ambayo Ned alimsomea mwenzake Joe Byrne aiandike. Carey haweki mkato hata mmoja. Niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu ukurasa mmoja waufasiri, wakarudisha kazi iliyojaa mikato. Tulipojaribu tena kwa kiambishi -ka-, mikato ilijiondokea yenyewe: akakamatwa akafungwa akatoka akavimba akafa. Kiswahili kinalibeba jambo hili kwa wepesi kuliko Kiingereza, ambacho hulazimika kurudiarudia neno moja la kuunganishia.

Kilichotushinda ni matusi. Katika riwaya Ned anamwandikia binti yake (ambaye naye ni wa kubuni), kwa hiyo matusi mengi anayafunika kwa neno la darasani lenye maana ya "kivumishi". Je, mzazi wa Kiswahili angemwandikiaje bintiye? Mwanafunzi mmoja alipendekeza "nanihii", darasa likacheka, lakini ukilisoma kwa sauti linafaa. Mwingine alitaka nukta tatu. Mimi naelekea kwenye "nanihii", ingawa naona linamfanya Ned achangamke kuliko alivyo. Mwenye pendekezo bora alilete kabla ya toleo lijalo.