Pongezi kwa Makuli wa Kariakoo

Mashine ya kukimbilia ya nyumbani huweza kufikia kilo 100 na zaidi. Kutoka China hadi bandari ya Dar es Salaam husafiri imefungwa mikanda, ndani ya kontena inaloshiriki na mizigo ya wengine. Nauli hupigwa kwa uzito au ujazo, kinachozidi ndicho hulipiwa: tani moja huhesabiwa sawa na mita moja ya ujazo. Vyuma vya kunyanyua hulipiwa uzito. Mashine ya kukimbilia, nafasi inayokula.

Bandarini kuna kreni. Ghorofa ya nne isiyo na lifti kuna makuli tu, na hao ndio ninaowavulia kofia.

Niliwatazama wanne wa Kariakoo wakishusha mashine kama hiyo kutoka kwenye kirikuu. Mkubwa wao hakugusa kitu kwanza. Alipima mlango kwa kamba, kisha kona ya ngazi, akaamuru nguzo mbili za mashine zifunguliwe. Boliti zikatiwa mfukoni na mfuko ukafungwa palepale kwenye nguzo; akili hiyo nimeikosa kwa mafundi wengi wenye vyeti. Mwenye mgongo imara akashika chini, upande wa mota, maana uzito umelala huko. “Dada, mshike mtoto. Taratibu, kaka, kona!”

Kazi ya kubeba si ngeni hapa: jina Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza.

Juu, mkubwa wao alikaza boliti ya mwisho, akaitikisa mashine kwa mikono miwili, ikatulia. Akaomba maji.