Hilux ya Mnadani: Matengenezo Yaanzie Kwenye Sampu

Wanunuzi wengi wa pikapu zilizotumika huingia gereji na orodha ya kelele. Shokapu zinagonga, bodi ya nyuma inacheza, AC haipoozi, taa moja imefifia. Fundi anaipokea orodha, anaifanyia kazi kwa uaminifu, analipwa. Miezi michache baadaye injini inanoki njiani ikiwa na mzigo, na mwenye gari anaamini kauziwa mkosi. Mara nyingi fundi hakumwibia, wala muuzaji hakumficha kitu. Kilichokosewa ni mpangilio wa kazi. Kwenye gari la dizeli, kitu kinachoua injini hukaa kimya mpaka siku ya mwisho, na hela ikishaishia kwenye vitu vinavyopiga kelele hakuna inayobaki ya kukiwahi.

Nitaeleza mpangilio tofauti kwa kufuata kazi iliyofanyika kwenye Hilux dabo kebini ya shemeji yangu, mkulima wa viazi upande wa Makambako. Aliinunua mnadani baada ya mradi mmoja kumaliza muda wake. Ilikuwa na namba za DFP, zile za magari ya miradi ya wafadhili ambazo kila mtu wa bara anazijua.

Tuanze na asili ya gari, kwa sababu asili ndiyo inayotabiri ubovu. Toyota iliacha kuuza Hilux ndani ya Japani mwaka 2004 na haikuirudisha sokoni huko mpaka 2017. Kizazi kizima kilichoundwa kati ya miaka hiyo, ambacho ndicho kimejaa kwenye minada yetu, hakikuuzwa Japani hata kidogo, tofauti na IST na Noah tulizozizoea. Kiliundwa Thailand, Afrika Kusini na kwingineko. Kwa hiyo Hilux ya mwaka 2008 au 2012 iliyopo sokoni Dar es Salaam au Mbeya, ama iliagizwa mpya na serikali, mgodi au mradi ikala vumbi la hapa hapa tangu siku ya kwanza, ama imeletwa ikiwa imetumika kutoka nchi kama Thailand. Muuzaji akikwambia kuwa Hilux ya miaka hiyo ilikuwa ya mzee mmoja wa Osaka aliyekuwa akiendea dukani tu, ondoka.

Gari la mradi lina sifa mbili zinazovutana. Limepigwa na barabara mbovu, lakini kwa kawaida lilikuwa na ratiba ya sevisi na mtu wa kuisimamia. Magari ya serikali yanatakiwa kupita TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi, na miradi mingi ina mikataba na gereji kubwa, kwa hiyo karatasi zinaweza kuwepo mahali fulani. Inafaa kuziulizia kabla ya kutoa hela. Za shemeji zilipatikana nusu: miaka ya mwanzo ilikuwa kamili, miaka ya mwisho hakuna kitu. Hilo ni jambo la kawaida, kwa sababu bajeti ya mradi inapokaribia kuisha, sevisi ndiyo ya kwanza kurukwa.

Hatua ya pili ilikuwa kusoma kibati kilichomo ndani ya boneti. Kilisema KUN26, yaani injini ya 1KD-FTV, lita 3.0, dizeli ya komon reli. KUN25 ingekuwa 2KD ya lita 2.5, na LAN25 ingekuwa 5L-E, injini nzito ya zamani isiyo na tabo. Tofauti hii inabadilisha bajeti yote. Fundi aliyekulia kwenye 3L na 5L anaweza kuwa hodari kabisa, na bado akaiharibu 1KD kwa kuitibu kama 5L.

Ubovu mkubwa wa 1KD uko hivi. Kila noseli imekaa kwenye silinda hedi juu ya wosha ndogo inayozuia gesi ya mwako isipande. Wosha ikichoka, gesi inapenya pembeni ya noseli na kuingia chini ya kava ya vali, mahali oili inapozunguka. Masizi yanachanganyika na oili, yanakauka kuwa magamba meusi, yanashuka mpaka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kuganda kwenye wavu ambao pampu ya oili inafyonzea. Gari halipotezi nguvu wala halitoi moshi wa kutisha. Pengine utasikia mlio mdogo asubuhi injini ikiwa baridi, unaopotea ikishapata moto, na kila mtu ataubatiza kuwa sauti ya dizeli. Siku wavu unapoziba vya kutosha, presha ya oili inaanguka. Taa nyekundu ikiwaka na gari limebeba mzigo kwenye mlima, beringi za krenki haziwezi kusubiri utafute pa kuegesha. Wenye Hilux na Prado za injini hii wameukuta ubovu huo nchi nyingi, Australia hasa, na mafundi wa huko wengi hubadilisha wosha kama kazi ya ratiba hata kama hakuna dalili.

Ndiyo maana kazi ya kwanza kwenye gari la shemeji haikuwa shokapu wala AC. Ilikuwa kumwaga oili na kushusha sampu ya chini. Gharama yake ni silikoni ya kufungia, oili mpya ambayo ingenunuliwa tu (injini hii inachukua takribani lita 7), na nusu siku ya fundi. Wavu ulikutwa umeshaanza kuziba upande mmoja. Gari lilikuwa linatembea vizuri. Mtu asiyefungua asingejua.

Sampu ilipothibitisha kuwa wosha zinavuja, swali likawa nini kifanyike juu. Gereji ya kwanza ilishauri noseli zote nne zitupwe na ziwekwe nyingine za mtumba. Ushauri huo unasikika kama wa kuokoa hela, lakini noseli ya mtumba imetoka kwenye injini usiyoijua, iliyokunywa dizeli usiyoijua. Fundi mzee wa pampu, Mbeya, alikataa. “Kijana, noseli haihukumiwi kwa macho,” alisema, “ipimwe kwanza.”

Kipimo kina sehemu mbili. Gari likiwa linaunguruma, mashine ya kusomea kompyuta inaonyesha kila silinda inaongezewa au kupunguziwa dizeli kiasi gani ili injini itulie. Silinda inayoomba marekebisho makubwa kuliko wenzake inaelekeza kidole kwenye noseli yake. Kisha noseli zinapotolewa kwa ajili ya wosha, zinapelekwa kwenye mashine ya mezani. Hapo ndipo hela inapookolewa. Kava ya vali imeshafunguliwa, mabomba yameshatoka, kazi ya mikono imeshalipwa. Kupima noseli wakati huo kunaongeza kidogo tu, ilhali kufungua tena baadaye kunarudisha gharama yote ya kazi. Kwa shemeji, tatu zilipita na moja ikashindwa. Akanunua moja mpya badala ya nne. Wosha zote nne zilibadilishwa, pamoja na sili za kava. Bei ya wosha na sili zote haikukaribia bei ya ile noseli moja.

Kuna hatua ambayo gereji nyingi huiruka. Noseli hizi huja na msimbo ulioandikwa kichwani, unaoieleza kompyuta ya gari tabia ya noseli hiyo hiyo. Kwenye matoleo mengi ya D-4D, jina la Toyota kwa dizeli hizi za komon reli, msimbo huo unatakiwa kuingizwa kwa mashine baada ya kufunga. Usipoingizwa, injini inaweza kutetemeka ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, na mwenye gari akaambiwa noseli mpya ni feki. Uliza kabla ya kulipa kama fundi ana mashine ya kuuingiza.

Kwa nini noseli ile ilikufa? Hapa inabidi kurudi nyuma kidogo kwenye historia ya mafuta yetu. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko dizeli, na baadhi ya wauzaji walikuwa wakiyachanganya. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambulia mafuta yaliyochanganywa) kwenye mafuta Septemba 2010, na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchakachua iondoke. Gari la shemeji ni la 2008. Miaka yake ya mwanzo lilikunywa kutoka vituo vya wakati ule. Mafuta ya taa ni makavu, na noseli na pampu za komon reli hazina kilainishi kingine zaidi ya dizeli yenyewe inayopita ndani kwa presha ya zaidi ya mara elfu moja ya ile ya hewa. Siwezi kuthibitisha kuwa hicho ndicho kilichoiua noseli hiyo moja, lakini kwa gari la umri huo ni sababu tosha ya kutoamini mfumo wa dizeli mpaka upimwe. Toka Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilishusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, na gari la kuanzia mwaka huo lina bahati zaidi.

Filta ya dizeli ilibadilishwa siku hiyo hiyo na maji yaliyokuwa chini yake yakamwagwa. Na kwa wale ambao gari linazima zima au sailensa inapanda na kushuka: kabla hujakubali kununua pampu, waambie waangalie vali ndogo ya umeme iliyofungwa kwenye pampu, ile inayopima dizeli inayoingia. Inauzwa peke yake, na imewaokoa watu wengi.

Kilichofuata ni mkanda wa taimingi. Kwa injini hii kiwandani wamepanga ubadilishwe kila kilomita 150,000, na kuna taa kwenye dashibodi ya kukumbusha. Lakini taa huzimwa, na kilomita hurudishwa nyuma. Bila karatasi inayoonyesha tarehe, chukulia kuwa haujabadilishwa. Mkanda ukikatika, vali na pistoni zinakutana, na hapo hesabu inageuka kuwa ya ovahoo. Ulibadilishwa pamoja na tenshena na roli yake.

Baada ya injini kuwa salama ndipo tukaingia chini. Kwenye dabo kebini iliyozoea kubebeshwa kupita kiasi, mahali pa kwanza kumulika tochi ni chasisi, nyuma kidogo ya kebini, pale bodi inapoachana nayo. Angalia nyufa, alama za kuchomelewa, na kama mstari kati ya kebini na bodi umefunguka juu kuliko chini. Chasisi iliyopinda hapo ni sababu ya kuacha gari, hata liwe zuri namna gani. Ya shemeji ilikuwa nzima. Bolijointi za chini zilikuwa zimelegea, nazo hazisubiri, kwa sababu moja ikichomoka gurudumu linalala na usukani unakuwa pambo. Krosi za propela zilipigwa grisi tu. Oili ya difu ya nyuma ilitoka nyeupe kama maziwa, ishara ya maji ya mto, ikamwagwa na tundu lake la kupumulia likazibuliwa. Bushi ziliachwa kwa awamu iliyofuata. Shokapu pia, na AC ikawa ya mwisho kabisa. Shemeji hakufurahi. “Shemeji, hata kioo cha pembeni?” Kioo kilinunuliwa, cha mtumba.

Kwenye spea msimamo wangu ni huu. Vitu ambavyo vikifa vinaua injini au watu, yaani mkanda, wosha, filta, bolijointi na breki, vinunuliwe vipya, kwa namba ya spea na siyo kwa jina. Namba ya Toyota kwa kawaida ina tarakimu na herufi 10, tano kabla ya kistari na tano baada yake, na muuzaji mwaminifu wa Kariakoo au wa Kirinyaga Road, Nairobi, anaifahamu kabla hujamaliza kuitaja. Bolijointi za 555 za Japani zinafaa, ila nazo zinaigwa sana, kwa hiyo nunua kwa mtu atakayekupa risiti yenye jina la duka. Vioo, taa, milango, hata gia boksi, mtumba hauna ubaya ukikaguliwa.

Kwa sasa gari linabadilishiwa oili kila kilomita 5,000, filta ya dizeli inamwagwa maji kila sevisi, na wosha zimeandikwa kwenye daftari pamoja na kilomita za siku zilipofungwa. Kwa anayejiandaa kununua, nashauri atenge angalau robo ya bei ya kununulia kwa ajili ya matengenezo ya mwanzo, na fungu hilo lisiguswe na usajili wala bima.

Mnadani hutaruhusiwa kushusha sampu. Unachoweza ni kusoma kibati, kufungua mfuniko wa oili na kuangalia magamba meusi chini yake, kulala chini na tochi kuikagua chasisi, na kuomba injini iwashwe ikiwa baridi. Kwa hiyo fanya hesabu ya sampu, wosha nne, noseli moja, mkanda na filta kabla ya kwenda, itoe kwenye bei yako ya juu, na mwingine akipanda zaidi ya hapo mwachie alichukue.