Lango Liko Voi, Wenyeji Wako Wapi? Uhakiki wa Riwaya ya "Halo: Hunters in the Dark"

Utangulizi

Wako wahakiki wenzetu wanaosema riwaya iliyotokana na gemu ya video haistahili kukaa meza moja na fasihi. Kwao hiyo ni bidhaa tu, kama fulana yenye picha. Mimi sikubaliani nao. Kitabu kikishaandikwa ni kitabu. Kina fani, kina maudhui, na kinasema jambo fulani kuhusu watu. Basi tukihoji kama tunavyohoji vingine.

Hiki cha Peter David, kilichotoka Juni 2015, kinatuhusu zaidi kwa sababu mlango wa hadithi yake uko Voi, nchini Kenya. Nilikisoma likizoni, nyumbani Msimbati, si mbali na mdomo wa Mto Ruvuma. Na ndugu msomaji, mtu wa Msimbati hawezi kukisoma kitabu hiki kama anavyokisoma mtu wa Chicago.

Hadithi yenyewe

Gemu za Halo zilianza mwaka 2001, na mwaka huohuo ikatoka riwaya ya kwanza, "The Fall of Reach" ya Eric Nylund. Katika Halo 2 (2004) vita vililetwa Mombasa Mpya, jiji la karne ya 26 lenye lifti ya kwenda anga za juu. Katika Halo 3 (2007) wavamizi wanafukua karibu na Voi mtambo wa kale, mkubwa kama wilaya nzima, ambao kumbe ni lango la kwendea kituo kiitwacho Ark, nje kabisa ya galaksi yetu.

Riwaya inaanzia hapo. Mwaka ni 2555, vita vimekwisha. Wanasayansi wanaochunguza lango wanagundua saa inayohesabu kurudi nyuma: ikifika sifuri, silaha za kale zitafyatuka na kuua viumbe wote wenye akili. Unaundwa msafara wa wanadamu na Sangheili, maadui wa jana, wapite langoni wakaizuie. Huko Ark wanakutana na mtunzaji wa kituo, mashine yenye akili iitwayo Tragic Solitude. Kituo kimeharibika, nayo imeamua kukitengeneza kwa mali ghafi ya kwetu. Mashine kubwa za kuchimbia ndizo itakazozipitisha langoni.

Alipofanikiwa mwandishi

Tumpe haki yake. Katika gemu Sangheili ni mtu wa kupigwa risasi, au wa kupiga risasi pamoja nawe. Katika riwaya anapata kinyongo, heshima, na mashaka. Na anayewaunganisha hawa wawili ni Olympia Vale, msichana aliyejifunza lugha ya Kisangheili. Sisi wa idara za lugha tunaoulizwa kila siku tutakula nini tukimaliza chuo, hapo tutabasamu kidogo! Kwa kweli hii ndiyo kazi ya riwaya ya aina hii: kumpa mdomo yule ambaye gemu ilimpa bunduki tu.

Palipo na mushkeli

Sasa hebu tutazame mandhari. Kuchagua pwani yetu si jambo la ajabu. Lifti ya angani inataka kuwa karibu na Ikweta, na mwambao huu umewahi kuwa lango la anga kweli: tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Watunzi wa gemu nao walijitahidi. Ukicheza Halo 3: ODST (2009) unapita Kizingo na Kikowani, majina ya Mombasa halisi. Yupo hata Daktari Endesha. Jina hilo lilinichekesha, maana ni kitenzi cha kuamrisha. Ni kama kumkuta mtu anaitwa Daktari Washa au Bi Funga. Lakini angalau kuna dalili kwamba hapa wanaishi watu.

Katika riwaya nilitegemea watu hao waanze kusema. Wapi! Voi ya Peter David ni kituo cha kazi: maabara, walinzi, mitambo. Wahusika wanaoibeba hadithi, yaani Vale, mwanasayansi Luther Mann, makomandoo wa Spartan na Sangheili wao, wanaijua Voi kwa sababu ya kazi. Shimo lilipochimbwa, lilimeza shamba la nani? Wataita walihamia wapi? Nani anawauzia walinzi chai? Hatuambiwi.

Huku kusini maswali haya si ya kubuni. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, mkoani Lindi, wakasafirisha mifupa ya dinosaria zaidi ya tani 200. Mifupa hiyo ilibebwa vichwani na wapagazi hadi bandarini. Leo dinosaria mmoja anasimama Berlin, urefu zaidi ya mita 13, lakini wangapi wamelisikia jina la Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji? Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982. Mwaka 2013, Januari na tena Mei, Mtwara ilichafuka kwa sababu ya bomba la kuipeleka Dar es Salaam, na watu wakapoteza maisha. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015, miezi minne tu baada ya riwaya hii kutoka. Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema watu walitaka kuulizwa.

Kwa hiyo niliposoma Tragic Solitude ikijitetea kwamba kituo chake kina umuhimu mkubwa kuliko dunia yetu, nilisimamisha kusoma. Hoja hiyo naijua. Riwaya inamlaani mchimbaji huyu, na inafanya vyema. Lakini nayo inaichukua Voi kama mali ghafi ya hadithi, bila kubisha hodi kwa wenyewe. Hapo dhamira na fani zinagombana.

Rafiki yangu alinipinga: "Wee, hiyo ni burudani, na mwandishi anafuata masharti ya wenye gemu." Ni kweli. Ila mama mmoja wa Voi katika kurasa mbili angevunja sharti gani? Na burudani haizuii. Katama Mkangi, katika "Walenisi" (1995), anamrusha Dzombo angani ndani ya chombo kilichokusudiwa kumuua, nasi tunamfuata roho mkononi. Tofauti ni kwamba anayesafiri ni mwenyeji, na kinachohukumiwa ni jamii iliyomrusha.

Tamati

Kisomeni kitabu hiki. Kina mbio, kina hofu, na kina swali zuri kuhusu kumwamini adui. Lakini msikisome kama wageni, maana kimesimama uani kwetu. Vijana wanaojaa kwenye mabanda ya gemu hapa Mtwara wanazijua hadithi za namna hii kuliko wahadhiri wetu. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba Tendaguru nayo ni lango, Msimbati nayo ni lango, na kwamba mtu anayeuza chai langoni anaweza kuwa mhusika mkuu. Tusipomwandika sisi, atakayekuja kuchimba hatamwona.