Kilo Moja ya Korosho: Sifa za Ufundi wa Takwimu

Msimu wa korosho unapofika, kuanzia Oktoba, maghala ya Masasi na Newala hujaa magunia yaliyopangwa hadi karibu na bati. Kabla ya mnada, mkaguzi wa ubora hupita na kazi ambayo kwa mtazamaji haionekani kubwa. Hafungui kila gunia. Huchota korosho chache hapa, chache katikati ya rundo, chache kwenye magunia ya chini yaliyoegemea ukuta, kisha huzichanganya na kupima kilo moja. Anazihesabu, halafu anazikata moja moja. Nzima anaziweka huku, zilizosinyaa huku, zilizooza na zilizoliwa na wadudu kule. Kiini kizuri hupimwa kwa gramu, na chenye kasoro ndogo huhesabiwa nusu. Kilo hiyo ikitoa gramu 280, gunia la kilo 80 linatarajiwa kutoa ratili 49 na ushei za kiini, na kwa namba hiyo mnunuzi wa India au Vietnam hupanga dau lake.

Kilo moja imesemea tani mia.

Ujasiri huo ndio kiini cha somo la takwimu linalofundishwa mwaka wa kwanza chuoni. Kijana wa Newala aliyekwenda kusomea ualimu, uuguzi, uhasibu au kilimo hukutana nalo hata kama alidhani hesabu aliziaga kidato cha nne. Sifa zake mabwenini si nzuri. Wanafunzi husimuliana habari za kanuni ndefu, majedwali ya namba ndogondogo nyuma ya kitabu, na mitihani ya marudio. Vitabu vyenyewe vimejaa sarafu zinazorushwa juu, dadu na karata, vitu ambavyo wengi wao hawajawahi kuvishika kwa ajili ya jambo lolote la maana. Ndipo mtu humaliza muhula akiwa anajua kukokotoa bila kujua alikuwa anakokotoa nini.

Ukiondoa vumbi hilo, takwimu ni ufundi wa mikono kama useremala, na una maswali yake matatu. Nani amehesabiwa, na nani ameachwa? Analinganishwa na nani? Na bahati peke yake, bila sababu nyingine yoyote, ingeweza kuleta tofauti kubwa kiasi gani? Uwanda wa Makonde, pamoja na Masasi iliyo chini yake kwenye vilima vya mawe, umekuwa karakana ya maswali hayo kwa zaidi ya miaka 70, ingawa ni wakazi wake wachache tu walioambiwa hivyo.

Swali la kwanza mkaguzi wa korosho ameshalijibu kwa vidole vyake. Angechota kwenye magunia ya mlangoni tu, angepata picha ya magunia ya mlangoni, na mwenye mzigo mbovu angejua pa kuuficha. Ndiyo maana anahangaika kufika chini na ukutani. Kinachowashangaza wanafunzi wengi ni jambo la pili: uhakika wa kipimo chake unategemea idadi ya korosho alizokata zaidi kuliko wingi wa magunia ghalani. Ghala likiwa na tani 50 au tani 500, kilo ile ile iliyochanganywa vizuri hufanya kazi karibu sawa. Lakini akitaka kupunguza kosa lake kwa nusu, lazima akate mara nne ya zile za mwanzo. Uhakika una gharama, na gharama hupanda kwa kasi zaidi kuliko faida yake.

Tatizo la sampuli ndogo lilishughulikiwa kwanza mahali pa biashara kama hii. William Gosset aliajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, akikabiliwa na vipimo vichache vya shayiri na haja ya kuamua haraka. Mwaka 1908 alichapisha njia ya kupima mashaka pale mtu anapokuwa na vipimo vichache tu, akitumia jina la bandia la Student. Jedwali lake ndilo lile linalowatoa jasho wanafunzi wa leo. Lilitungwa na mtu aliyehitaji kujua kama nafaka ya kununua ni nzuri.

Baada ya sampuli huja wastani, na hapo pia mnada hufundisha. Mnadani hutangazwa bei ya juu na bei ya chini, na mtaani watu hujumlisha mbili hizo, wakagawa kwa mbili, wakasema hiyo ndiyo bei ya leo. Tuseme tani 900 zimeuzwa kwa shilingi 2,000 kwa kilo na tani 100 kwa shilingi 3,000. Hesabu ya mtaani itasema 2,500. Wastani wa kweli, unaozingatia uzito wa kila kundi, ni 2,100. Tofauti ya shilingi 400 kwa kilo inatosha kuwagombanisha mkulima na katibu wa chama chake, na huenda hakuna aliyeiba chochote.

Swali la pili, la kulinganisha, lina historia nzito zaidi huku juu.

Mwaka 1952 homa isiyojulikana iliwaangusha watu wa uwanda wa Makonde kijiji baada ya kijiji. Viungo viliwauma hata wengine wakashindwa kusimama wima. Marion Robinson, daktari wa misheni huko Lulindi, Masasi, aliandika dalili za wagonjwa. Aliona zinafanana mno na za homa ya dengi. W. H. R. Lumsden, aliyetoka taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, aliuliza mambo ya aina nyingine: ugonjwa uko wapi, na wapi haupo? Hesabu ya wagonjwa peke yake isingemsaidia. Ilibidi aangalie pia waliosalimika, na nyumba zao, na maji yao. Juu ya uwanda hakuna mto. Mvua huzama mchangani, na wanawake walikuwa wakiteremka magenge kufuata chemchemi na kupanda tena na mzigo kichwani. Maji yaliyopatikana kwa taabu hiyo hayamwagwi. Huwekwa ndani, chomboni, siku nyingi, na humo mbu aina ya Aedes aegypti alikuwa akizaliana mita chache kutoka kitandani. Taarifa za Robinson na Lumsden zilichapishwa mwaka 1955, na mwaka uliofuata R. W. Ross akakieleza kirusi chenyewe. Leo homa hiyo, chikungunya kwa jina lake la Kimakonde, inatajwa katika ripoti za afya kutoka Mombasa hadi Brazili.

Miaka 30 baadaye maji yaleyale yalizua utafiti mwingine ng'ambo ya Ruvuma, kwenye uwanda wa Mueda, Msumbiji, ambako pia wanaishi Wamakonde. Sandy Cairncross na Julie Cliff walilinganisha vijiji viwili: Namaua, kilichokuwa na bomba la maji, na Itanda, ambako mtu alitembea saa nyingi kuyafuata. Katika taarifa yao ya mwaka 1987, watu wa Namaua walitumia maji zaidi ya mara mbili ya wenzao wa Itanda, na trakoma, ugonjwa wa macho unaopofusha, ilionekana kwa watoto wao kwa takriban nusu tu ya kiwango cha Itanda.

Mwanafunzi aliyesoma wiki nne za takwimu atafurahia matokeo hayo, kisha atakunja uso. Vijiji ni viwili tu. Hata kama watoto waliochunguzwa ni mamia, je, kama Namaua ilikuwa na nzi wachache zaidi, au shule bora, au mashamba mazuri zaidi, tangu kabla ya bomba kuwekwa? Kukunja uso huko si ubishi wa kujionyesha. Ni kipimo cha kwamba somo limeingia.

Kuna mambo ambayo hata fundi bora hawezi kuyatenganisha. Tanzania ilizalisha korosho tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, nyingi zikitoka kusini. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimeshuka hadi tani 16,500 hivi. Chora mstari huo, kisha waulize wazee wa Masasi sababu. Mmoja atasema operesheni ya vijiji, iliyowahamisha watu mbali na mikorosho yao. Mwingine atasema bei ya mkulima iliporomoka. Wa tatu atataja ubwiriunga, ukungu mweupe unaokausha maua, ulioripotiwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970. Wote watatu wana hoja, na kwa kuwa mambo hayo yalifuatana na kupishana katika miaka ileile, mstari peke yake hauwezi kugawa lawama. Historia hutokea mara moja, wala haina kijiji cha kulinganishia.

Kwa ubwiriunga wenyewe ilikuwa tofauti, maana mti unaweza kufanyiwa jaribio. Kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, kimejijengea jina kwa kazi hiyo: mikorosho hii inapuliziwa salfa, ile inaachwa, mavuno yanapimwa. Swali gumu ni nani achague ipi ipuliziwe. Mtafiti akichagua kwa jicho, jicho litapenda miti yenye afya. Ronald Fisher, aliyeanza kazi mwaka 1919 katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alishikilia jibu ambalo limebaki nguzo ya ufundi huu: kura ichague. Kura haimjui mkulima tajiri wala mti wenye afya. Na kwa sababu tunajua kura hufanya kazi vipi, tunaweza kukadiria bahati ingeleta tofauti gani. Hilo ndilo swali la tatu.

Kura hiyo ilipigwa Newala pia, safari hii kwa ajili ya watoto. Watafiti wa taasisi ya afya ya Ifakara na wenzao walitaka kujua kama kuwapa watoto wachanga dozi za SP, dawa ya malaria, wanapopelekwa chanjo kungepunguza malaria. Dawa ilikuwa imefaulu katika majaribio ya uangalizi mkali. Ilibaki kujua kama ingefaulu mikononi mwa wauguzi wa zahanati za kawaida. Tarafa 24 za kusini, za Newala na Tandahimba zikiwemo, zikapigiwa kura. Kuanzia Aprili 2005, 12 zikaanza na 12 zikasubiri. Mwaka 2006 watoto 600 wa miezi 2 hadi 11 wakapimwa damu. Kwenye tarafa zilizoanza, asilimia 31 walikuwa na vimelea vya malaria. Kwenye zilizosubiri, asilimia 38.

Je, dawa imefanya kazi? Hapa ndipo darasa zima linapoamka. Watafiti walikokotoa kwamba kama dawa isingekuwa na athari yoyote, tofauti kubwa kiasi kile au zaidi ingejitokeza kwa bahati ya kura mara 6 hivi katika kila 100. Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1925, alipendekeza 5 kwa 100 kama mpaka wa kufaa, na wengi wakaugeuza kuwa sheria. Kwa sheria hiyo, 6 imeshindwa na 4 ingeshinda, kana kwamba mbu wanasoma majedwali. Fundi mzoefu hatangazi ushindi wala msiba. Atasema ushahidi unaelekea upande wa dawa, lakini haujatulia.

Kisha unakuja mtego mtamu. Watafiti walipowaangalia watoto waliopata dozi karibuni tu, asilimia 22 walikuwa na vimelea, dhidi ya 41 ya wale wa kulinganishwa nao, na tofauti hiyo ingetokea kwa bahati mara 1 tu katika 100. Inavutia zaidi. Lakini mtoto aliyepata dozi kwa wakati huenda ni wa mama anayeishi jirani na zahanati, mwenye chandarua na nauli. Kura iliwagawa watoto kwa tarafa. Dozi iliyofika kwa wakati imewagawa kwa hali ya nyumbani. Ndiyo maana matokeo yote mawili yaliwekwa mezani, lile la kura likitangulia.

Baadaye, katika wilaya sita za Mtwara na Lindi, Newala ikiwa mojawapo, jaribio lilikuwa kubwa zaidi: kata 132, na zaidi ya wanawake 800 wa kujitolea waliowatembelea wajawazito na wazazi nyumbani kuwaelekeza namna ya kumtunza mtoto mchanga. Nia ilikuwa njema na kazi ilifanyika. Baadhi ya desturi za nyumbani ziliboreka. Vifo vya watoto wachanga, vilipohesabiwa, havikuonyesha ushahidi wa kupungua kwa sababu ya ziara zile, na watafiti waliandika hivyo waziwazi. Kukubali jibu ambalo hukulitaka, baada ya miaka ya jasho, ndiyo heshima kubwa ya taaluma hii. Jibu lile linaisaidia wizara kujua kwamba nasaha za nyumbani peke yake hazitoshi, na kuelekeza macho kwenye huduma ya leba pale zahanati na hospitalini.

Habari hizi nyingi zimelala kwenye majarida ya Kiingereza, mbali na vyuo vya ualimu vya Ndwika na Kitangali na mbali na wauguzi wanaofunzwa Newala. Wakufunzi wa Mtwara na Lindi hawana sababu ya kuendelea kukopa dadu na karata. Waziweke tarafa zile 24 kwenye mtihani wa muhula ujao, na wamtake kila mwanafunzi aeleze kwa Kiswahili ambacho mama aliyepanga foleni kliniki atakielewa: 31, 38 na 6 kwa 100 vinasema nini, na vimenyamaza kuhusu nini.