Barua ya Luiz Gama: Maisha au Utetezi?

Katika semina zetu za uhakiki lipo zoea moja ambalo limenichosha. Mtu akigusia tu maisha ya mwandishi, mara anaambiwa, "Achana na mwandishi, shika matini!" Hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, makala haya yana nia ya kuonyesha kwamba yapo maisha ambayo, yakishaandikwa, yanadai kusomwa kwa makini kama tunavyosoma shairi. Mfano wangu ni Luiz Gama wa Brazili: mshairi, mwandishi wa magazeti na mtetezi mahakamani.

Kwa ufupi, Gama alizaliwa Salvador, Bahia, mwaka 1830. Akiwa na miaka 10 aliuzwa utumwani, na aliyemuuza ni baba yake mzazi, mtu wa ukoo wa Kireno. Alijifunza kusoma akiwa na miaka 17, na mwaka 1848 akatoroka. Diwani yake ya mashairi ya kejeli ilitoka mwaka 1859. Katika shairi lake mashuhuri kuliko yote, Gama analichukua tusi la "mbuzi" walilotukanwa machotara, analigawa kwa wakubwa wote, hadi anakosekana wa kumcheka mwenzake. Mwaka 1864 alianzisha gazeti la vikatuni, Diabo Coxo, pamoja na mchoraji Angelo Agostini. Kisha, bila shahada yoyote ya sheria, akaingia mahakamani. Silaha yake ilikuwa sheria ya tarehe 7 Novemba 1831, iliyotamka kuwa Waafrika watakaoingizwa Brazili baada ya hapo ni watu huru, sheria ambayo wenye mashamba waliifumbia macho. Kwa hesabu yake mwenyewe, aliwatoa utumwani watu zaidi ya 500.

Sasa basi, tuje kwenye barua. Tarehe 25 Julai 1880 Gama alimwandikia rafiki yake, Lúcio de Mendonça, akimsimulia maisha yake. Mama anaelezwa kinagaubaga: jina lake Luísa Mahin, asili yake ya Afrika Magharibi, kwamba alikuwa huru, kwamba alikataa kubatizwa, hata weusi wake na meno yake. Na baba je? Jina halitajwi. Gama anasema anamsitiri.

Wengi husoma hapa huruma ya mwana kwa mzazi. Mimi nasoma zaidi ya hapo. Kwa sheria ya Brazili ya wakati ule, mtoto alifuata hali ya mama: mama huru, mtoto huru. Kwa hiyo mama ndiye ushahidi wa kesi, na baba hana analoongeza. Mpangilio wa barua ni mpangilio wa wakili. Aliyemuuza mwanawe amesitiriwa, ni kweli, lakini pia amenyimwa nafasi katika maisha ya mwana huyo.

Atainuka mtu aniulize: kama barua ni utetezi, mbona Gama anasema alipata kwa siri ithibati za uhuru wake, halafu hasemi ni zipi? Swali hili limenisumbua. Hapo, kama utetezi, barua inapwaya, nakiri. Luísa Mahin mwenyewe tunamjua kwa maneno ya mwanawe kuliko kwa nyaraka. Lakini watu aliowatetea Gama nao walikuwa hivyo hivyo: uhuru wanao, karatasi hawana. Barua inatutaka tuamue kama neno la mtu wa namna hiyo linatosha.

Gama alifariki tarehe 24 Agosti 1882, miaka sita kabla utumwa haujafutwa Brazili. Chama cha mawakili wa nchi hiyo kilimtambua rasmi kuwa wakili mwaka 2015. Yeye hakuingoja karatasi hiyo.

Wenzangu wa "shika matini", nami nimeishika, na bila kuyajua maisha na sheria nisingeielewa ile nafasi tupu ya jina la baba. Anayeona vingine na alete hoja yake toleo lijalo.